Kuendesha Windows ya Zamani Ndani ya Mashine Pepe: Mwongozo Kamili, Kuanzia DOS Hadi XP

Mzee mmoja aliniletea sidii iliyokwaruzika. Ndani yake mlikuwa na mti wa ukoo wake: vizazi sita, majina zaidi ya mia nne, kazi ya miaka mitano, na yote yamefungiwa ndani ya programu ndogo iliyotengenezwa enzi za Windows 3.1. Programu ya aina hiyo ni ya biti 16, na Windows ya biti 64 tunayotumia leo haiwezi kuiendesha kabisa. Faili la data nalo lilikuwa na muundo wake lenyewe. Ukilifungua kwa Notepad unaona vipande vya majina vikielea katikati ya alama zisizosomeka.

Ikabidi nitengeneze kompyuta ya mwaka 1998 ndani ya kompyuta yangu, yaani mashine pepe: kompyuta inayotengenezwa na programu. Kazi ilinichukua jioni mbili, na ya kwanza ilipotea yote kwa sababu nilikuwa mkarimu kupita kiasi. Niliipa Windows 98 RAM ya GB 4, prosesa nne na diski ya GB 200, nikidhani naisaidia. Haikumaliza hata kuwaka. Kesho yake nikaipa MB 256, prosesa moja na diski ya GB 8, ikasimama.

Karibu kila tatizo utakalokutana nalo kwenye kazi hii chimbuko lake ni hilo hilo: mfumo wa zamani unataka mashine ya umri wake. Ukilishika hilo, nusu ya makosa utayajua kabla hayajatokea.

Kabla hujapakua chochote

Jiulize unachokitaka ni nini: mfumo, programu, au faili? Watu wengi wanaotafuta Windows 98 wanachohitaji hasa ni faili moja. Kama ni hati, ijaribu kwanza kwenye LibreOffice, ambayo inafungua miundo mingi ya zamani iliyokwisha kuachwa na wenyewe. Kama ni mchezo wa DOS, ule mfumo wa amri za maandishi wa kabla ya Windows, DOSBox inatosha na hutahitaji kusakinisha mfumo wowote. Kama ni programu ya Windows na unatumia Linux, ijaribu kwenye Wine, maana Wine inaendesha hata programu nyingi za biti 16. Mti wa ukoo wa yule mzee ulifunguka kwenye Wine, ila kila nikibonyeza kitufe cha kuchapisha programu ilianguka. Hapo ndipo mashine pepe ilipohitajika.

Na ukishaamua kutumia mashine pepe, chagua mfumo mpya kuliko yote inayoikubali programu yako. XP ni rahisi kusakinisha kuliko 98, na 98 ni rahisi kuliko 95. Toleo la XP la biti 32 bado linaendesha programu nyingi za biti 16. Usirudi nyuma kuliko inavyobidi.

Mwenyeji, mgeni na chombo cha kutumia

Kompyuta unayotumia kila siku inaitwa mwenyeji. Mfumo unaouendesha ndani yake ni mgeni. Kuna njia mbili za kumpokea mgeni huyo, na tofauti yake ni kubwa.

Njia ya kwanza ni ya mashine pepe yenyewe. Mgeni anatumia prosesa yako halisi moja kwa moja, na programu inamtengenezea vifaa vingine tu: diski, kadi ya skrini, kadi ya mtandao. Hivyo ndivyo VirtualBox na VMware Workstation zinavyofanya. Kasi ni kubwa, lakini mgeni anaiona prosesa ya leo, na mifumo ya miaka ya 1990 haikuandikwa kwa ajili yake.

Njia ya pili ni kuiga kompyuta nzima, prosesa ikiwemo. QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, inaweza kufanya hivyo. 86Box inakwenda mbali zaidi: inaiga bodi mama, kadi za sauti na kadi za picha za modeli maalumu, moja moja. Kasi inapungua, lakini mgeni anaamini kabisa kwamba yuko mwaka 1998.

Kwa uzoefu wangu: XP, Windows 2000 na Windows 7 ziweke kwenye VirtualBox. Windows 95, 98 na Me ziweke kwenye QEMU au 86Box. Nimeona watu wakipigana na Windows 98 kwenye VirtualBox wiki nzima, na kosa halikuwa lao. VirtualBox haijawahi kuwa na draiva za kumsaidia mgeni, yaani Guest Additions, kwa familia ya Windows 9x, yaani hizo 95, 98 na Me.

Kama mwenyeji wako ana prosesa ya ARM, kama zilivyo Mac zenye chipu za Apple, njia ya kwanza haikufai kwa mifumo hii kwa sababu mifumo yenyewe iliandikwa kwa prosesa za x86, yaani za aina ya Intel na AMD. Tumia UTM, ambayo ndani yake ni QEMU, na uchague kuiga badala ya kuendesha moja kwa moja.

Kumwandaa mwenyeji

Ingia kwenye BIOS ya kompyuta yako, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, uhakikishe usaidizi wa mashine pepe umewashwa. Kwenye prosesa za Intel unaitwa VT-x, kwenye AMD unaitwa AMD-V au SVM. VirtualBox za siku hizi hazifanyi kazi bila huo.

Ukiwa na Windows 10 au 11, tazama pia kona ya chini kulia ya dirisha la VirtualBox mgeni anapowaka. Ukiona picha ya kobe wa kijani, ujue Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, imeishika prosesa na VirtualBox inapita nyuma yake. Mgeni atakuwa mzito sana, na mifumo mingine ya zamani itakwama. Dawa ni kuzima Hyper-V pamoja na kipengele cha "Memory integrity" kwenye mipangilio ya usalama, kisha kuwasha kompyuta upya. Fahamu lakini kwamba kipengele hicho kinamlinda mwenyeji, kwa hiyo ukimaliza kazi kirudishe. QEMU inapoiga prosesa nzima haijali jambo hili.

Diski za usakinishaji na leseni

Windows kuwa ya zamani hakumaanishi kuwa imekuwa ya bure. Tumia sidii na namba ya leseni uliyonayo, na utengeneze faili la ISO, yaani nakala kamili ya sidii, kutoka kwenye sidii hiyo kabla haijaharibika zaidi. Kwenye Linux amri ni moja:

`dd if=/dev/sr0 of=win98.iso bs=2048`

Jihadhari na ISO za "tayari imeshaamilishwa" zinazozagaa mtandaoni. Mtu aliyeifungua akaondoa uamilishaji anaweza pia kuwa ameweka kitu chake ndani, na wewe huna njia rahisi ya kujua.

Kama huna leseni na shida yako ni programu ya DOS tu, FreeDOS ni ya bure na halali kabisa. Mradi huo ulianza mwaka 1994 na bado unatoa matoleo mapya.

Windows XP kwenye VirtualBox

XP ilitoka Oktoba 2001 na Microsoft ikaacha kuihudumia 8 Aprili 2014. Ndiyo rahisi kuliko zote, kwa hiyo anza nayo hata kama lengo lako ni 98, ili mkono uzoee.

Tengeneza mashine mpya, chagua aina ya Windows XP ya biti 32. RAM ya MB 512 inatosha kwa programu nyingi, na GB 1 ni anasa. Prosesa moja. Diski ya GB 10 hadi 20 inayokua kadiri inavyojazwa.

Hakikisha diski imeunganishwa kwenye kidhibiti cha IDE (njia ya zamani ya kuunganisha diski), cha aina ya PIIX4, wala si SATA iliyo mpya zaidi. Sidii ya XP haina draiva za SATA za mtindo wa AHCI. Ukiiwekea SATA utapata skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, maana yake XP imeanza kuwaka kisha ikakosa kuiona diski iliyowakia. Namba hiyo ikariri, maana utaiona tena mbele.

Kwenye mtandao, chagua "Not attached" kwa sasa. Usisakinishe XP ikiwa imeunganishwa na intaneti. Kwenye sauti acha ICH AC97. Mipangilio ya prosesa, hasa ile ya I/O APIC, iamue sasa na usiiguse tena baada ya kusakinisha, kwa sababu XP inachagua kiini chake kulingana na ilichokikuta siku ya kwanza.

Weka ISO kwenye sidii pepe na uwashe. Kwenye skrini ya bluu ya mwanzo bonyeza Enter, soma leseni, kubali kwa F8, tengeneza kizigeu kwa C, kisha chagua kufomati kwa NTFS kwa njia ya haraka. Mafaili yakishanakiliwa mashine itajiwasha upya. Ikikuambia ubonyeze kitufe ili kuwaka kutoka kwenye sidii, safari hii usibonyeze, la sivyo utarudi mwanzo.

Kipanya kikinaswa ndani ya dirisha, bonyeza Ctrl ya kulia kitoke. Usumbufu huo unaisha ukishaweka Guest Additions kutoka kwenye menyu ya "Devices". Skrini nayo itapanuka kufuata dirisha lako. Wakati wa kuziweka, XP itakuonya mara kadhaa kuhusu draiva, endelea tu.

Toleo la dukani la XP linadai kuamilishwa ndani ya siku 30, na linahesabu mabadiliko ya vifaa. Kwa hiyo kwanza tulia na mipangilio ya mashine, ridhika nayo, ndipo uamilishe. Kisha uzime mgeni na uchukue snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine ilivyo wakati huo:

`VBoxManage snapshot "XP" take "safi"`

Snapshoti hiyo ndiyo akiba yako. Programu ikivuruga mfumo, unarudi kwenye "safi" kwa sekunde chache.

Windows 98 kwenye QEMU

Hapa ndipo penye kazi hasa, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Mipaka ya Windows 98 ni hii. Ukivuka MB 512 za RAM, sehemu inayoitwa Vcache, inayotunza data za diski kwenye RAM, huanza kuleta makosa ya kumbukumbu, la kushangaza likiwa lile linalosema kumbukumbu haitoshi kumbe imezidi. Ukivuka GB 1, mara nyingi haiwaki kabisa. Programu yake ya kugawa diski inakosea hesabu ikikuta diski ya zaidi ya GB 64. Na prosesa ya pili haina matumizi nayo. Ndiyo maana ukarimu wangu wa jioni ile uliizima.

Tatizo la prosesa linastahili maelezo. Windows 95 na toleo la kwanza la 98 zina sehemu za mtandao zinazopima kasi ya prosesa kwa kuhesabu mizunguko. Prosesa ikiwa na kasi zaidi ya GHz 2.1, muda uliopimwa unakuwa sifuri, mfumo unajaribu kugawanya kwa sifuri, na unakutana na maandishi "Windows Protection Error". Juu ya hilo, prosesa nyingi mpya za AMD na Intel zinafichua kasoro nyingine kwenye familia nzima ya 9x: programu zinaanguka ovyo wakati wa usakinishaji, kila mara mahali tofauti. Ukiona kuanguka kusiko na mpangilio, usipoteze muda kutafuta sidii nyingine. Kuna kiraka huria kiitwacho patcher9x kinachorekebisha kasoro hiyo. Kinawaka kutoka kwenye flopi pepe na kinaweza kukarabati Windows iliyokwisha sakinishwa au hata mafaili ya usakinishaji yenyewe. Lakini ukitumia QEMU kwa kuiga prosesa, bila kuwasha KVM (sehemu ya Linux inayompa mgeni prosesa halisi), tatizo hilo hulikuti.

Tengeneza diski:

`qemu-img create -f qcow2 win98.qcow2 8G`

Kisha washa mashine kutoka kwenye sidii:

`qemu-system-i386 -M pc -cpu pentium2 -m 256 -hda win98.qcow2 -cdrom win98.iso -boot d -vga cirrus -device sb16 -nic none`

Tazama nilivyochagua. Prosesa ni Pentium II. Kadi ya skrini ni Cirrus, kwa sababu Windows 98 ina draiva yake tayari na utapata rangi na ukubwa mzuri bila kutafuta chochote. Kadi ya sauti ni Sound Blaster 16, ambayo kila programu ya wakati ule iliifahamu. Mtandao hakuna.

Kwenye menyu ya sidii chagua kuwaka kutoka kwenye sidii, kisha kuanzisha kompyuta ikiwa na usaidizi wa CD-ROM, wala usikimbilie usakinishaji moja kwa moja. Ukifika kwenye alama ya `A:\>`, andika `fdisk`. Itakuuliza kuhusu diski kubwa. Jibu Y ili upate FAT32. Tengeneza kizigeu kikuu cha DOS kitakachochukua diski nzima, toka, washa upya kwa njia ile ile, kisha andika `format c:`.

Sasa fanya jambo ambalo wengi wanaliruka. Nakili mafaili ya usakinishaji kwenye diski kwanza. Herufi ya sidii kwa kawaida itakuwa E, kwa sababu D imechukuliwa na diski ndogo ya muda iliyoundwa kwenye RAM:

`md c:\win98`
`copy e:\win98 c:\win98`
`c:`
`cd \win98`
`setup`

Inachukua dakika chache zaidi, lakini kuanzia siku hiyo Windows haitakusumbua kuomba sidii kila unapoongeza draiva. Itazitafuta pale ilipotokea, kwenye `c:\win98`.

Usakinishaji ukiisha, fungua Device Manager. Huenda ukakuta alama ya mshangao ya njano kwenye "Plug and Play BIOS" chini ya vifaa vya mfumo, na vifaa vingine vingi havionekani. Hapa watu hukata tamaa, na dawa yake ni ndogo. Fungua kifaa hicho, chagua kubadilisha draiva, omba orodha ya draiva zote, na uchague "PCI bus". Washa upya. Windows itaanza kuviona vifaa kimoja baada ya kingine: kidhibiti cha diski, kadi ya skrini, vingine. Inaweza kukuomba kuwasha upya mara tatu au nne; ikubalie kila mara.

Ili kipanya kitoke kwenye dirisha la QEMU bonyeza Ctrl+Alt+G. Ukimaliza, zima Windows kwa utaratibu, kisha hifadhi hali yake:

`qemu-img snapshot -c safi win98.qcow2`

Au nakili tu faili la diski lote. GB 8 zile hazijajaa. Faili halisi kwa kawaida halifiki hata GB 1.

DOS na Linux za zamani

DOS haina mengi. MB 32 au 64 za RAM, diski isiyozidi GB 2 kwa MS-DOS 6.22 kwa kuwa FAT16 yake inaishia hapo. Jambo moja tu litakushangaza: feni ya kompyuta yako itaanza kuvuma ingawa DOS imekaa bila kufanya lolote. DOS haijui kupumzisha prosesa. Inazunguka ikisubiri kitufe, na mwenyeji anaona kazi ya asilimia mia. Kwenye FreeDOS andika `fdapm apmdos` na feni itanyamaza. Windows 95 ina tabia hiyo hiyo.

Linux za zamani zinawaka bila taabu. Shida inakuja unapotaka kuongeza programu, kwa sababu hazina zake zilishahamishwa. Kwenye Debian badilisha anwani ndani ya `/etc/apt/sources.list` iwe `archive.debian.org`, na kwenye Ubuntu iwe `old-releases.ubuntu.com`. Ikilalamika kwamba muda wa orodha umepita, ongeza `-o Acquire::Check-Valid-Until=false` kwenye amri ya apt-get.

Mtandao

Nasema hili nikimaanisha kila neno: mgeni wa zamani usimpeleke kwenye intaneti. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia tundu la huduma ya kushirikiana mafaili ya Windows, na Microsoft ikalazimika kutoa kiraka cha dharura hata kwa XP, miaka mitatu baada ya kuacha kuihudumia. Matundu mengi yaliyogunduliwa baadaye hayakupewa upendeleo huo. Kwa Windows 7 viraka vya kawaida viliisha 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 viliisha 14 Oktoba 2025.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu akiachiwa mlango, mwenyeji ndiye atakayeugua.

Na hata ungemfungulia, asingefaidi. Internet Explorer ya XP inaishia kwenye TLS 1.0, toleo la zamani la lugha ya mawasiliano salama ya tovuti, na tovuti nyingi za leo zinakataa kuzungumza lugha hiyo. Utaona kurasa tupu na makosa ya vyeti.

Kama programu yako inadai mtandao ili tu iwake, au unataka wageni wawili waonane, tumia "Internal Network" kwenye VirtualBox. Wageni wataonana wao kwa wao, wala hawatamwona mwenyeji. NAT, mpangilio wa kawaida wa VirtualBox, inazuia wanaoingia kutoka nje, lakini haimzuii mgeni kutoka, wala programu mbaya iliyo ndani yake. "Bridged" inamweka mgeni kwenye mtandao wako kama kompyuta nyingine yoyote, pembeni ya simu na kompyuta za wenzako. Hiyo usiitumie kabisa.

Kuingiza na kutoa mafaili

Hapa ndipo kazi yote inapopata maana, maana mfumo wa zamani bila mafaili yako ni mapambo.

Kwenye XP, folda za pamoja za VirtualBox zinavutia kwa urahisi wake. Zitumie, lakini ziweke kuwa za kusomwa tu, na kamwe usishirikishe folda yako kuu. Programu mbaya ikiwa ndani ya mgeni na folda ya pamoja ikiwa inaandikika, ukuta wote uliojenga umeshatobolewa.

Njia ninayoipenda ya kuingiza ni ISO. Weka mafaili kwenye folda, tengeneza ISO, iweke kwenye sidii pepe ya mgeni. Haiandikiki, kwa hiyo hakuna kinachoweza kurudi kupitia hapo, na kila mfumo unaojua sidii unaisoma:

`genisoimage -J -r -o mafaili.iso folda/`

Kwa mfumo wa DOS usio na draiva ya sidii, tengeneza picha ya flopi. Ukubwa wake ni baiti 1,474,560 kamili:

`dd if=/dev/zero of=flopi.img bs=512 count=2880`
`mkfs.vfat flopi.img`
`mcopy -i flopi.img barua.txt ::`

Kutoa nako kuna njia safi: diski ya pili ndogo, ya kubadilishana tu. Kwenye QEMU tengeneza moja kwa `qemu-img create -f raw badilisha.img 500M`, iongeze kwenye amri ya kuwasha kwa `-drive file=badilisha.img,format=raw,index=1`, kisha uigawe na kuifomati ndani ya mgeni. Nakili unachotaka, zima mgeni, na ufungue faili hilo kwa 7-Zip upande wa mwenyeji. Utaona mafaili ndani kama kwenye kifurushi cha kawaida. Kwenye VirtualBox ifanye diski hiyo kuwa ya muundo wa VHD, kwa sababu Windows ya leo inaweza kuifungua yenyewe. Usifungue diski hiyo huku mgeni bado anawaka. Mifumo miwili ikiandika diski moja kwa pamoja, data inaharibika.

Na kama programu haina njia ya kutoa kitu isipokuwa kuchapisha, kama ilivyokuwa ile ya mzee? Basi chapisha. Ongeza printa kwenye Windows 98, chagua kampuni ya Apple, kisha Apple LaserWriter II NT. Printa hiyo huna na hutaihitaji. Tunachotaka ni lugha yake, PostScript. Kwenye swali la mlango wa printa chagua "FILE:". Ukichapisha, Windows itakuuliza jina la faili. Faili hilo lipeleke kwa mwenyeji kupitia diski ya kubadilishana, kisha, ukiwa na Ghostscript:

`ps2pdf ukoo.prn ukoo.pdf`

Nilifanya hivyo usiku wa pili. Kurasa 37 zikatoka, herufi zikiwa safi, maandishi yanatafutika. Nilimpigia mzee nikamsomea jina la kwanza juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, naye akanimalizia majina saba yaliyofuata bila kuyaona.

Kompyuta halisi iliyo karibu kufa

Wakati mwingine programu haina sidii ya usakinishaji tena. Iko kwenye diski moja tu, ndani ya kompyuta inayokoroma. Usiendelee kuiwasha. Itoe diski, iunganishe kwa adapta ya USB kwenye kompyuta yenye Linux, na uinakili yote kwa ddrescue, inayojua kuruka sehemu mbovu na kuzirudia baadaye:

`ddrescue /dev/sdb diski.img diski.map`

Hakikisha `/dev/sdb` ndiyo diski ya zamani kweli. Angalia kwanza kwa `lsblk`. Kisha igeuze:

`VBoxManage convertfromraw diski.img diski.vdi --format VDI`

Iunganishe kwenye mashine mpya kupitia IDE. Ikiwa ni XP, hapa ndipo ile 0x0000007B inaporudi: Windows hiyo ilizoea kidhibiti cha diski cha bodi mama yake ya zamani na haina habari na hiki kipya. Kama kompyuta halisi bado inawaka vizuri, weka kwanza marekebisho ya rejista yanayoitwa MergeIDE kabla ya kunakili diski. Kama haiwaki tena, washa mgeni kwa sidii ya XP na ufanye ukarabati wa usakinishaji; programu na mafaili hubaki. Tarajia XP kudai kuamilishwa upya, kwa kuwa imeamka kwenye mwili mwingine. Faili la `diski.img` la mwanzo usiliguse tena. Fanyia kazi nakala.

Kuitunza mashine ikishakamilika

Weka vitu vyote kwenye folda moja: faili la diski pepe, ISO ya usakinishaji, programu zako, namba za leseni, na faili la maandishi lenye amri kamili uliyotumia kuwasha. Amri hiyo ni muhimu kuliko unavyodhani. Baada ya miaka miwili hutakumbuka kwamba kadi ya skrini ilikuwa Cirrus, na Windows 98 ikiikuta kadi nyingine itaanza kutafuta draiva upya.

Kwenye VirtualBox tumia "Export Appliance" utoe faili la OVA, ambalo unaweza kulifungua hata kwenye VMware. Nakala moja iwe nje ya kompyuta hiyo. Kisha ijaribu: ihamishie kwenye kompyuta nyingine, iwashe, ufungue faili lako moja. Ikifunguka hapo, unaweza kuzima ile ya kwanza.